Nguzo Husimama Chini Kabla ya Kusimama Juu

Mazungumzo ya mhandisi wa taa za barabarani na wakazi wa mitaa ya Eastlands, kama yalivyoandikwa kwa ajili ya jarida hili.

Najua leo ni Jumamosi, kuna nguo za kufua, na wengine wenu mmefunga vibanda ili kuja hapa. Sitawachosha.

Nitaanza na lawama mbili nilizopewa mtaani, kwa sababu ndizo zilizonileta mbele yenu.

Lawama ya kwanza ni ya mama mmoja anayeuza mboga kando ya uwanja tuliokuwa tukiweka mlingoti wa taa, zile kubwa ambazo nyinyi wenyewe mlizipa jina la mulika mwizi. Alinisimamisha akasema: "Injinia, mlikuja mkachimba shimo, mkamwaga simiti, mkaacha vyuma vimechomoza kama meno, kisha mkapotea. Nguzo iko wapi? Ama pesa zishaliwa?"

Lawama ya pili ni ya kijana wa bodaboda. Yeye alinionyesha video kwenye simu. Mlima mweupe kwa theluji, helikopta inakuja na nguzo inaning'inia kwenye kamba. Wanaume wanne wanaipokea, wanaielekeza kwenye msingi, wanafunga nati, helikopta inaondoka. Kijana akaniambia: "Mzee, hawa jamaa wamemaliza kwa dakika chache, tena juu ya mlima. Nyinyi hapa kwenye tambarare mnachukua miezi miwili. Shida ni nini?"

Ni maswali ya haki. Kazi ya taa za barabarani imewekwa mikononi mwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, na pesa ni zenu. Mtu akilipa ana haki ya kuuliza. Basi leo nitajibu maswali yote mawili pamoja. Nitaanza kule mlimani kwenye video ya kijana wetu, kisha nitashuka hadi hapa kwetu.

Kwanza, zile nguzo za mlimani ni za nini? Nchi za baridi zina mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kuteremka ni raha, kupanda ndiyo kazi. Kwa hiyo hujengwa lifti ya viti: kebo ya chuma inayozunguka bila kusimama kutoka chini hadi juu, na viti vimening'inizwa kwenye kebo hiyo. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho, Marekani. Mhandisi aliyeibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alichukua wazo lake kutoka kwa mtambo wa kupakia ndizi melini: kebo inayozunguka, yenye kulabu, na kila kulabu imebeba mkungu. Yeye aliondoa ndizi akaweka kiti. Kwa hiyo msione ni jambo la ajabu sana. Mzizi wake ni mkungu wa ndizi.

Kebo hiyo inashikiliwa na nguzo. Na sasa tufike kwenye video. Ile video ni ya kweli. Helikopta huweza kusimamisha nguzo kwa dakika chache. Lakini video ilianza kurekodiwa siku ya mwisho ya kazi. Yaliyotangulia hayakuonekana, na ndiyo yaliyobeba nguzo.

Siku ya kwanza huja wapimaji. Nguzo zote za lifti lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka chini hadi kileleni, kwa sababu kebo hupita juu ya magurudumu madogo yaliyo kwenye kichwa cha kila nguzo. Nguzo moja ikikaa kando ya mstari, kebo itavuta upande na inaweza kutoka kwenye magurudumu. Na kwenye ile kebo kuna watu. Kwa hiyo mpimaji hupigilia kigingi mahali pa kila nguzo, na hakuna fundi anayeruhusiwa kukisogeza kwa sababu amekutana na jiwe.

Kisha huja wachimbaji. Mlimani hakuna barabara, kwa hiyo hutumia tingatinga zenye miguu inayojikunja, zinazoweza kukanyaga mteremko kama mbuzi. Pasipofikika, huingia jembe na sururu. Pakiwa na mwamba, hutobolewa matundu marefu, vyuma huingizwa ndani na kushikishwa kwa saruji ya majimaji. Pakiwa na udongo, shimo lazima lishuke chini ya kiwango ambacho baridi ya majira hayo hufikia. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyo udongoni yakiganda huvimba, na udongo ukivimba huinua msingi. Majira yakibadilika unashuka tena. Msingi unaopanda na kushuka kila mwaka hauwezi kushika nguzo ikae wima. Likumbukeni jambo hilo la udongo unaovimba. Tutakutana nalo tena hapa Eastlands, bila theluji.

Baada ya shimo husukwa kizimba cha nondo, na juu yake husimamishwa bolti nene ambazo zitashika nguzo. Bolti hizo hupitishwa kwenye bamba lenye matundu yaliyopangwa sawasawa na matundu ya kitako cha nguzo, ili zisisogee zege likimwagwa. Ndiyo yale meno ambayo mama wa mboga aliyaona.

Halafu zege, yaani saruji, mchanga, kokoto na maji. Hapa ndipo helikopta hufanya kazi yake ngumu kuliko ile ya kwenye video. Mita 1 ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi. Helikopta ya K-MAX, ambayo iliundwa hasa kwa kazi ya kuinua mizigo kwa kamba, huinua kama tani 2.7 ikiwa usawa wa bahari, na kadiri inavyopanda mlimani hewa inapungua nguvu na mzigo unapungua nayo. Tuseme imebaki na uwezo wa tani 2, pamoja na ndoo. Inabeba robo tatu ya mita ya ujazo kila safari. Msingi wa mita 6 za ujazo unahitaji safari 8, kwa nguzo moja tu, na mafuta yanaungua muda wote. Ndiyo maana wahandisi wa mlimani huhesabu kila kilo.

Kisha wanafanya nini? Wanaondoka. Ndiyo, mama wa mboga, na wao pia humwaga simiti wakapotea.

Wengi wetu tunadhani zege hukauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Zege huiva. Saruji hushikana na maji na kugeuka kitu kingine, kigumu kama jiwe, na kazi hiyo huendelea kwa wiki nyingi. Nguvu inayoandikwa kwenye michoro ya mhandisi ni ile ya siku ya 28. Zege likinyimwa maji siku za mwanzo kwa sababu jua ni kali na hakuna aliyelifunika gunia lililoloa, linapasuka kabla halijaiva. Na ukisimamisha nguzo ndefu juu ya zege changa, halitalalamika siku hiyo. Litalalamika upepo wa kwanza utakapokuja.

Siku zikitimia, nguzo iliyokwisha kuunganishwa uwanjani bondeni hubebwa na kuwekwa juu ya bolti. Chini ya kitako huwa kuna nati, na juu yake nati nyingine. Fundi hukaza hii, hulegeza ile, mpaka nguzo ielekee inavyotakiwa. Halafu huja safari ya kichwa cha nguzo, safari ya magurudumu, na mwisho kebo: kwanza huvutwa kamba nyepesi, kamba hiyo huvuta nzito zaidi, nzito huvuta kebo ya chuma. Kabla mtu yeyote hajakaa kwenye kiti, viti hubebeshwa mizigo ya majaribio na breki hupimwa.

Kijana wetu, hayo ndiyo yaliyokuwa kabla ya zile dakika chache.

Mtaniambia hayo ni ya nchi za mbali. Lakini nguzo za kebo zimewahi kusimamishwa katika milima ya kwetu Afrika Mashariki. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, kampuni ya Bleichert ya mjini Leipzig ilijenga njia ya kebo katika milima ya Usambara, ya kuteremsha mbao za msitu wa Shume hadi Mkumbara, kwenye reli inayotoka Tanga. Ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 9. Helikopta hazikuwapo. Enzi hizo njia ya kupandisha mnara mlimani ilikuwa kuugawanya vipande ambavyo watu na kamba wanaweza kuvimudu, kuvipandisha kidogo kidogo, kisha kuvifunga kimoja baada ya kingine.

Na siku hizi kebo zimeshuka kutoka milimani hadi mijini. Medellín, nchini Colombia, ilifungua njia yake ya kebo mwaka 2004 ili kuwafikia watu wa mitaa ya mabondeni na mlimani. La Paz, nchini Bolivia, ilifuata mwaka 2014. Nguzo zimesimama katikati ya nyumba za watu wa kawaida, mitaa iliyobanana kama ya kwetu. Huko mteremko ni tatizo moja. Tatizo la pili ni vichochoro na majirani. Hilo sisi tunalifahamu.

Sasa turudi Eastlands.

Hapa hatuna mlima, lakini tuna vizuizi vyetu viwili. Cha kwanza ni njia. Mlingoti wa mulika mwizi huwa na urefu wa mita 20 au 30. Huja kwa vipande vinavyoingizwa kimoja ndani ya kingine, huvutwa mpaka vikazane, kisha huinuliwa na kreni. Kreni ni gari zito, na linataka mahali pa kutandaza miguu yake. Kati ya nyumba za Mathare au Mukuru lori la maji lenyewe hupita kwa shida. Ndiyo maana mlingoti mara nyingi huwekwa uwanjani, shuleni au kwenye makutano ya barabara, hata kama nyinyi mlitaka uwe mbele ya lango fulani. Hatuwapendelei watu wa uwanjani. Kreni ndiyo iliyochagua.

Kizuizi cha pili kiko chini ya miguu yetu. Kule magharibi mwa jiji kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Huku kwetu, kuanzia Donholm na Umoja hadi Kayole, Komarock na Embakasi, kuna udongo mweusi. Kila aliyejenga huku anaujua. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye gumboots. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Milango inayogoma kufunguka mwezi wa Aprili na kuta zenye ufa wa kona ni kazi yake.

Mnakumbuka udongo wa mlimani unaovimba kwa baridi? Huu wetu hufanya vilevile kwa mvua. Mlingoti uliowekwa juu ya udongo mweusi utainuliwa na kushushwa kila msimu, na hautainuliwa sawa pande zote. Sasa angalieni hesabu hii. Kitako cha mlingoti kikiwa na upana wa sentimita 60, na upande mmoja ukashuka kwa sentimita 1 tu kuliko mwingine, kilele cha mlingoti wa mita 30 kitakuwa kimehama kwa nusu mita. Sentimita moja chini, nusu mita juu.

Kwa hiyo dawa ni kuondoa udongo mweusi wote mpaka tufike kwenye murram ngumu au mwamba, hata kama shimo litakuwa refu kuliko mlivyotarajia, na kuyaelekeza maji ya mvua yasituame pale. Ndiyo sababu nawaomba: mkiona shimo la kina kifupi ambalo bado lina udongo mweusi chini, na nondo zinaanza kuwekwa, ulizeni. Muulize mkandarasi, muulize msimamizi wa wadi. Swali hilo halihitaji digrii. Linahitaji macho.

Hadi hapa nimesema kuhusu mlingoti ulio kama mrija mmoja. Lakini kuna minara mingine mnayoishi karibu nayo, mirefu zaidi na yenye hatari zaidi: minara ya umeme mkubwa inayoingia jijini kutoka kwenye mabwawa na mitambo ya mbali. Hii si mali ya kaunti. Ni ya Kenya Power, na mingine ni ya KETRACO, shirika la serikali la kusafirisha umeme lililoanzishwa mwaka 2008. Lakini inapita juu ya mitaa yetu, na ikianguka huanguka kwetu.

Minara hiyo imejengwa kwa njia inayofanana na ya zamani ya milimani. Miguu minne, na kati ya miguu hiyo mamia ya vyuma vyembamba vilivyofungwa kwa bolti. Kwa nini haikujengwa kama mrija mmoja? Kwa sababu njia ya umeme hupita bondeni, mlimani, msituni na mashambani, mahali ambapo kreni haiwezi kufika. Chuma ambacho watu wachache wanaweza kukibeba begani hufika popote. Mafundi hufunga sehemu ya chini, wanapanda juu yake, wanasimamisha mlingoti mdogo wenye kapi na kamba, wanavuta vyuma vinavyofuata, wanafunga, wanapanda tena. Mnara unajijenga kwa kujipanda wenyewe. Ni ujuzi mzuri sana.

Lakini faida hiyo ina upande wa pili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mnara unaoweza kufungwa kwa spana, chuma kimoja kimoja, unaweza pia kufunguliwa kwa spana, chuma kimoja kimoja. Nguzo ya mlimani kwenye video ni mrija wa tani kadhaa. Hakuna mtu atakayeondoka nayo usiku. Chuma cha mnara wa umeme kinaingia kwenye mkokoteni.

Anayekichukua hujiambia: "Huu mnara una vyuma mia kadhaa, nikitoa viwili vitatu vidogo vya chini hautajua." Hebu nimjibu kwa mfano wa nyumbani. Chukua ufito mwembamba, usimamishe, ubonyeze kwa juu. Utapinda katikati na kuvunjika. Sasa mwambie mwenzako aushike katikati kwa vidole viwili tu, kisha ubonyeze tena. Utashangaa jinsi ulivyo na nguvu. Vile vidole viwili havikubeba uzito wowote. Vilizuia ufito kupinda. Vyuma vidogo vya mnara ndivyo vidole hivyo. Mguu wa mnara una nguvu kwa sababu umeshikwa kila baada ya hatua chache. Ukiondoa vishikio, mguu uleule, wa chuma kilekile, unapinda kama ufito.

Tena mnara hauanguki peke yake. Umeunganishwa na wenzake kwa nyaya nzito. Mmoja ukilala unawavuta jirani zake.

Haya si maneno ya kuwatisha. Asubuhi ya tarehe 11 Januari 2022, nchi nzima ilipoteza umeme. Kenya Power ilieleza kwamba minara ilikuwa imeanguka kwenye njia ya umeme mkubwa kutoka bwawa la Kiambere, kwenye Mto Tana, hadi kituo cha Embakasi. Minara hiyo ilikuwa wapi? Imara Daima. Hapa hapa Eastlands. Serikali ilisema ilikuwa imehujumiwa, na mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu kote nchini.

Fikirini maana yake. Kinyozi wa Kisumu alifunga kazi. Mwenye samaki kwenye friji Mombasa alihesabu hasara. Na hapa kwetu, wanaookota na kuuza vyuma kwa njia halali, vijana wengi wa Eastlands, walikaa bila riziki hadi biashara iliporuhusiwa tena kwa masharti. Aliyeuza vyuma vya mnara alipata bei ya kilo. Aliyelipa ni jirani yake wa mkokoteni ambaye hakuiba chochote.

Kuna njia nyingine ya kuangusha mnara bila kugusa chuma hata kimoja, na hii hufanywa na watu wema wasiojua. Mguu wa mnara umefika chini ya ardhi ukakaa kwenye kitako kipana cha zege, na juu ya kitako hicho shimo limejazwa udongo na kushindiliwa. Upepo ukivuma au waya ukikatika, miguu ya upande mmoja hubonyezwa chini, na ya upande wa pili huvutwa juu, kama mtu anayeng'oa muhogo. Kinachozuia using'oke ni uzito wa zege pamoja na uzito wa ule udongo uliolala juu yake. Kwa hiyo udongo ule ni sehemu ya msingi. Mtu akichota murram pembeni mwa mguu akatandaze mbele ya nyumba yake, amechota msingi. Akichimba mtaro wa maji machafu kando ya mguu, amechota msingi.

Na moto. Vyuma hivi vimepakwa zinki ili visishike kutu. Zinki huyeyuka kwa joto la nyuzi 419 za Selsiasi, na moto wa taka wenye plastiki na matairi unaweza kufika hapo. Tukichoma taka kila Jumapili chini ya mlingoti, tunaondoa koti lake, na kutu inaanza pale pale chini penye kubeba mzigo wote.

Jambo la mwisho ni nafasi. KETRACO hutenga ukanda wa mita 30 kwa njia ya kilovolti 132, mita 40 kwa ya kilovolti 220, na mita 60 kwa ya kilovolti 400. Ukanda huo si shamba lisilo na mwenyewe. Ni njia ya fundi kumfikia mnara wakati wa hitilafu, na ni nafasi ya waya kuanguka bila kumwangukia mtu. Mtu akikuuzia ploti chini ya waya kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini ni ya kutupa. Usitoe pesa kabla ya kupeleleza.

Sasa basi, nawaomba nini?

Kwanza, itazameni minara na milingoti iliyo karibu nanyi kama mnavyotazama mlango wa nyumba kabla ya kulala. Je, kuna tundu la bolti lisilo na bolti? Kuna chuma kilichokuwapo wiki jana ambacho leo hakipo? Udongo wa mguuni umechimbwa? Kile kijimlango kilicho chini ya mlingoti wa mulika mwizi kimeng'olewa? Ndani ya kijimlango hicho kuna nyaya za umeme, na mtoto anaingiza mkono.

Pili, ukiona kasoro, usiguse na usijaribu kurekebisha. Waondoe watoto. Waya ukiwa umeanguka, kaa mbali nao kabisa, hata kama unaonekana umekufa. Piga ripoti. Kwa minara na nyaya za umeme piga Kenya Power nambari 97771. Kwa milingoti ya taa mwambie msimamizi wa wadi, na utaje mahali kwa alama ambayo fundi ataijua: karibu na shule gani, kanisa gani, steji gani.

Tatu, kwa nyinyi mnaonunua vyuma: mnavijua. Chuma chenye pembe, cha rangi ya kijivu, chenye matundu ya bolti yaliyopangwa, hakikutoka kwenye kitanda cha mtu. Kikataeni. Mkikikataa kwenye mizani, aliyekifungua atakosa sababu ya kubeba spana usiku.

Nne, mkandarasi anapokuja mtaani, mhesabieni siku. Hili limekuwa likiwashangaza wengi ninapolisema. Mmezoea kuwalaumu wakandarasi kwa kuchelewa, na mara nyingi mna haki. Lakini kati ya kumwaga zege na kusimamisha mlingoti, anayeharakisha ndiye wa kutiliwa shaka. Andikeni tarehe zege lilipomwagwa. Akija na kreni siku ya tano, mumuulize anakimbilia wapi. Na wiki hizo za kusubiri zikipita na mlingoti haujaja, hapo sasa mtuulize sisi wa kaunti, tena kwa sauti kubwa. Hatutakuwa na saruji ya kujificha nyuma yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bolti moja inayorudishwa leo ni kazi ya fundi mmoja na spana. Mnara ulioanguka ni kazi ya kreni, wiki nzima, na nchi gizani.

Nimalizie na yule mama wa mboga. Mlingoti wake ulisimama. Siku hiyo kazi ilichukua asubuhi moja tu, kreni ikaja, mafundi wakakaza nati, na kijana wa bodaboda naye alikuwapo, akarekodi kwenye simu. Nikamwambia: "Ukimwonyesha mtu video hiyo, mwambie pia kuhusu lile shimo." Mama akaangalia juu, akaniangalia mimi, akasema: "Sawa, injinia. Sasa niambie, ikizima nitampigia nani?"

Hilo ndilo swali bora nililoulizwa mwaka mzima, na jibu lake mmelisikia leo. Sasa kama mna mengine, niko hapa.